UZI: Seva iko juu 99.9% lakini simu hazisikiki. Ripoti yako inapima nini hasa?

#1 nyaya_na_paketi

Habari za jioni wakuu.

Ofisi nyingi hapa mjini zimeshahamia simu za IP: PBX (mtambo wa simu wa ofisi) moja Posta au Upanga, matawi Kariakoo, Mbezi na Vingunguti, yote yameungwa kwa VPN. Kila mwisho wa mwezi mtoa huduma analeta PDF yenye namba mbili: upatikanaji wa seva 99.9%, wastani wa MOS 4.2. Bosi anaridhika, anasaini malipo. Huku kaunta mhudumu kasimama dirishani anapiga kelele "haloo, haloo, nakupata kwa mbaaali".

Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli na simu bado zikawa mbovu. Nianze na MOS; upatikanaji nawaachia wenye nao.

MOS ni alama ya ubora wa sauti kuanzia 1 hadi 5. Zamani watu walikaa chumbani, wakasikiliza, wakatoa alama. Ile ya kwenye ripoti haikusikilizwa na mtu yeyote. Imekokotolewa kwa modeli ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), G.107. Inaanza na R, alama ya ubora, ya 93.2, inakata kwa ajili ya kodeki (njia ya kubana sauti), ucheleweshaji na paketi (vipande vya sauti) zilizopotea, kisha R inageuzwa kuwa MOS. R 93.2 inatoa MOS 4.41. Kodeki ya G.729 inakatwa 10 hata kabla mtu hajasema haloo, inabaki R 83.2, yaani MOS 4.1. Kwa hiyo ukiona tawi linalotumia G.729 limepewa wastani wa 4.3, ifunge hiyo PDF. Aliyeitengeneza ameacha hesabu kwenye G.711, kodeki isiyokatwa kitu.

R 70 ni MOS 3.6, R 60 ni 3.1. Chini ya 3.6 ndipo malalamiko yanapoanza, kwa hiyo mstari wangu nauchora hapo.

Sasa wastani. Chukua simu 1,000. Simu 950 zina MOS 4.3, simu 50 zina 2.0. Wastani ni 4.19. Safi kabisa kwenye karatasi, na watu 50 hawakuelewana. Ripoti iandike asilimia ya simu zilizoshuka chini ya 3.6, kwa kila tawi na kwa kila saa. Wastani wa kampuni nzima mimi ningeufuta kabisa.

#2 Mtoto_wa_Temeke

Natia nanga hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 MzeeWaTrunki

Umeanza vizuri, ila umeruka swali moja: hiyo MOS imepimwa wapi?

Simu ya mhudumu kwenda kwa mteja ina vipande viwili: kifaa hadi PBX, na PBX hadi kwa mtoa huduma wa trunki (njia ya simu za kwenda na kutoka nje). Kila kipande kina kwenda na kurudi. Jumla mikondo minne ya sauti. Ripoti nyingi zinachukua mmoja tu, ule unaoingia kwenye PBX kutoka kwenye trunki, ambao umepita kwenye fiba nzuri ya katikati ya mji. Tawi la Mbezi lenye ruta ya 4G halimo kabisa kwenye hiyo 4.2.

Kwa wenye Asterisk, programu ya PBX, simu ikiwa hewani andika `pjsip show channelstats`. Utaona kwa kila upande idadi ya paketi, zilizopotea na jita (kuyumba kwa muda wa paketi kufika). Upande wa kupokea ni kile PBX ilichokipata yenyewe. Upande wa kutuma ni kile kifaa cha mbali kilichoripoti kwa RTCP, itifaki ya taarifa za ubora wa sauti. Ukiona upande wa kutuma una sifuri siku nzima, usishangilie; mara nyingi kifaa hakitumi RTCP, au ukuta wa moto umeizuia. RTP, inayobeba sauti yenyewe, hukaa kwenye bandari ya namba shufwa, na RTCP kwenye witiri inayofuata. Fungua safu yote, 10000 hadi 20000 kama hujaibadilisha, usifungue nusu nusu.

Ili zisipotee simu ikikatwa, weka kishughulikizi cha mwisho wa simu kwenye dialplan (mpango wa upigaji), chukua `CHANNEL(rtcp,all)` na ihifadhi kwenye safu ya ziada ya CDR (kumbukumbu ya kila simu). Ndani yake `lp` ni paketi zilizopotea upande wako na `rlp` ni za upande wa mbali. Ukishakuwa na hizo mbili, ubishi wa "tatizo liko kwenu, hapana liko kwenu" unaisha.

Halafu angalia `direct_media`. Ikiwa `yes`, sauti inaweza kupita kati ya vifaa bila kugusa PBX, na PBX haina cha kupima. Kwa anayetaka ripoti, iwe `no`, na ukubali seva ibebe mzigo huo.

#4 dada_wa_NOC

Naongezea kwa Mzee hapo juu, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinadanganya bila kukusudia.

RTCP ya kawaida inahesabu paketi zilizopotea njiani. Haihesabu paketi zilizofika zimechelewa zikatupwa. Kifaa kina bafa, hifadhi ndogo ya kusubirisha paketi, tuseme ya milisekunde (ms) 60. Paketi ikifika baada ya hapo, wakati wake wa kusikika umeshapita, inatupwa. Kwenye ripoti upotevu ni 0%, sikioni ni 4%. Tawi la 4G likiwa na jita inayoruka ruka utaliona hivi kila siku mchana.

Dawa ni RTCP XR, RFC 3611, ambayo ina sehemu ya paketi zilizotupwa. Simu nyingi za mezani za Yealink na Poly zinaweza kutuma muhtasari wa XR kwa ujumbe wa SIP (itifaki ya kuanzisha na kukata simu) kila simu inapoisha, RFC 6035. Asterisk yenyewe haizihifadhi, kwa hiyo unazielekeza kwenye kipokezi cha pembeni.

Jambo la pili, mtawanyiko. G.711 ya ms 20 inatuma paketi 50 kwa sekunde. Simu ya dakika 3 ni paketi 9,000 kila upande. Upotevu wa 1% ni paketi 90, sawa na sekunde 1.8 za sauti. Zikitawanyika, kifaa kinaziba mapengo na hakuna atakayegundua. Zikipotea kwa mkupuo, mteja hakusikia bei, anauliza "umesema ngapi?" Ripoti yenye "1%" tu inawaweka hawa wawili kapu moja.

#5 Mtoto_wa_Temeke

Kwenye upatikanaji sasa. 99.9% si kama dakika 4 tu za kukatika kwa mwezi? Mbona ni nzuri hiyo.

#6 PoE_Kariakoo

Hapana, umeruka tisa moja. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. 99.9% ni dakika 43.2 za kukatika. Dakika 4.3 ni 99.99%. 99.5% ni saa 3.6, na 99% ni saa 7.2. Chapisha hizo ubandike ukutani kabla ya kusaini mkataba.

Ila swali kubwa ni dakika za lini. Seva ikilala dakika 40 saa 4 asubuhi siku ya Jumatatu, kwa hesabu ya saa 24 umepata 99.907%, mtoa huduma amefaulu. Hesabu saa za kazi tu: saa 9 kwa siku, siku 22, ni dakika 11,880. Dakika zile zile 40 zinakupa 99.66%. Amefeli. Tukio moja, majibu mawili, na mkataba usiposema saa zipi, atachagua yeye.

Na si kila kukatika kunawagusa wote. Tumia dakika za ekstensheni (namba za ndani): ekstensheni 120 mara dakika 11,880 ni 1,425,600. Tawi la ekstensheni 12 likikatika saa mbili, ni 1,440 zilizopotea, 0.1% ya kampuni nzima. Kwa tawi lenyewe ni 1%. Andika zote mbili, maana meneja wa tawi hajali kampuni nzima.

#7 MzeeWaTrunki

Hapo hujafikia mnyororo. PBX 99.9%, intaneti ya tawi 99.5%, trunki 99.8%. Simu inahitaji vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo unazidisha: 0.999 × 0.995 × 0.998 = 0.992. Karibu saa 5 na dakika 45 kwa mwezi bila simu, na hakuna hata mmoja kati ya watoa huduma wako watatu aliyevunja mkataba.

#8 nyaya_na_paketi

Hiyo ndiyo ripoti ya bosi. Wala haihitaji grafu.

#9 dada_wa_NOC

Tuseme basi tunapimaje kwamba "iko juu". Naona njia nne, kutoka dhaifu hadi ya kuaminika.

Ping inakuambia mashine inapumua. Asterisk inaweza kuwa imekufa na ping ikajibu vizuri tu.

Kukagua bandari 5060, ya SIP, kuna afadhali kidogo, lakini kwa UDP hakuna muunganiko wa kukagua, kwa hiyo wengi wanajidanganya.

OPTIONS ya SIP, ujumbe wa "upo?", kwa mfano `qualify_frequency=60`, inauliza kila sekunde 60. Kukatika kwa sekunde 40 kunaweza kupita katikati bila kuonekana. Na kumbuka PJSIP, sehemu ya SIP ya Asterisk, inahesabu jibu lolote kuwa "anapatikana". Trunki ikijibu OPTIONS vizuri halafu ikakataa kila INVITE (ombi la kupiga simu) kwa jibu la 403 au 503, mfano salio la trunki limeisha, dashibodi itabaki kijani mpaka mhasibu apige kelele.

Ya nne ni simu ya majaribio. Kila dakika 5 mashine inapiga namba ya mwangwi kupitia trunki, inacheza sauti, inahakikisha imerudi, inakata. Ni simu 288 kwa siku. Gharama ipo ila ndogo, na ndiyo pekee inayopima kile mteja anachokipata. Ukiona 288 ni nyingi, punguza usiku.

#10 PoE_Kariakoo

Na seva ya akiba? Watu wanaandika "imehamia kwa sekunde 20" wanajipigia makofi. Simu za mezani zimejiandikisha kwa muda wa sekunde 3,600. Kama seva ya pili haina orodha ya waliojiandikisha, kifaa hakitaitwa na mtu mpaka kijiandikishe upya, kinaweza kukaa karibu saa nzima. Kupiga nje kinapiga, kupigiwa hakipigiwi. Punguza muda wa kujiandikisha uwe sekunde 120 hadi 300, au seva zote mbili zitumie hifadhidata moja na anwani moja inayohama. Na kwenye ripoti muda wa kurejea uhesabiwe hadi ekstensheni ya mwisho iliporudi, siyo seva ilipowaka.

#11 Bafa_Ndogo

Wakuu mmesahau CDR, dhahabu imelala bure pale. Chora idadi ya simu zilizopokelewa kwa urefu wa sekunde (`billsec`). Mkunjo wa kawaida unashuka taratibu. Ukiona kilele kimesimama peke yake, soma:

Kilele kwenye sekunde 32: ACK (uthibitisho wa mpigaji kwamba jibu limefika) haifiki. Ni kipima muda cha SIP, mara 64 ya ms 500. Karibu kila mara ni NAT (ruta kubadilisha anwani za ndani), PBX inatangaza anwani ya ndani 192.168 kwenye sehemu ya Contact ya ujumbe, au SIP ALG ya ruta (kipengele kinachorekebisha ujumbe wa SIP) imeharibu kichwa cha ujumbe. Zima hiyo ALG. MikroTik ni `/ip firewall service-port disable sip`.

Kilele kwenye 900 au 1,800: kipima muda cha kipindi, RFC 4028. Ujumbe wa kuhuisha unatumwa nusu ya 1,800 na haujibiwi. Simu ndefu tu ndizo zinakatika, kwa hiyo wahudumu wanasema "inakatika ikinoga".

Kilele chini ya sekunde 10, na namba hiyo hiyo inapiga tena ndani ya dakika moja: sauti ya upande mmoja. Hesabu hizi kama "simu zilizorudiwa". Kwa maoni yangu ni kipimo kizuri kuliko MOS, kwa sababu mteja mwenyewe ndiye aliyepiga kura.

`SELECT billsec, COUNT(*) FROM cdr WHERE disposition='ANSWERED' AND billsec BETWEEN 25 AND 40 GROUP BY billsec;`

Dakika moja ya kazi.

#12 Mtoto_wa_Temeke

Mkuu Bafa, nikitoa asilimia ya simu zilizopokelewa kutoka kwenye CDR inakuja 38%. Inawezekana kweli?

#13 Bafa_Ndogo

Kwa hesabu mbovu inawezekana. Simu moja ikiingia kwenye kundi la ekstensheni 6 inaweza kuacha mistari 6: mmoja ANSWERED, mitano NO ANSWER. Panga kwa `linkedid`, namba inayounganisha mistari ya simu moja, ili simu moja ihesabiwe mara moja.

Pili, ondoa kubip. Bongo mtu anabip mlio mmoja anakata ili apigiwe. Hizo zinakuja kama NO ANSWER zenye `duration` ya sekunde 1 hadi 4. Zitenge kwenye safu yake, usizitupe; idara ya mauzo inazihitaji kuwapigia watu. Lakini si kosa la mfumo.

Tatu, tofautisha mteja hakupokea na mtandao ulishindwa. Sababu ya kukata 16, 17 na 19, na SIP 486, 480 au 487, ni mambo ya binadamu. Sababu 34, 38, 41 na 102, na SIP 503 au 408, ni mambo ya mtandao. Kwenye ripoti ya trunki kaa na za kundi la pili.

#14 PoE_Kariakoo

Umeme sasa, maana nusu ya "seva ilikuwa chini" haikuwa seva.

Seva iko kwenye UPS kubwa, swichi ya PoE ya ghorofani (inayolisha simu umeme kupitia waya wa mtandao) imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika seva inaendelea kuandika 100% na hakuna simu hata moja iliyo hai. Hesabu: simu 24 kwa wati 5 ni 120, swichi yenyewe 30, jumla wati 150. UPS ya VA 1,000 yenye betri mbili za 12V 9Ah ina Wh 216 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi ikinyonywa haraka hivyo haitoi zote. Tegemea dakika 40 hadi 50 zikiwa mpya. Chumba kisicho na kiyoyozi kinazimaliza: kila nyuzi 10 juu ya 25 maisha ya betri yanapungua kama nusu. Pima UPS kwa kuichomoa kila miezi mitatu, na muda uliopatikana uingie kwenye ripoti.

Geneta nalo lina pengo kabla halijashika. Swichi isiyo na UPS ikizima kwa sekunde 15, simu zinawaka upya na kujiandikisha zote kwa pamoja, hesabu dakika 2 hadi 4. Ripoti ya umeme itasema sekunde 15.

#15 MtaaWaSamora

Ndiyo maana sisi wengine tunasema hamieni kwenye klaudi, kelele zote hizi ziishe. Kituo kikubwa Ulaya hakikatiki umeme.

#16 MzeeWaTrunki

Hakikatiki, ndiyo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ya Tanzania na majirani ikayumba. Seva za Ulaya siku hiyo zilikuwa juu bila shida, na ripoti za upatikanaji wa seva zikaandika hivyo hivyo. Aliyekuwa Samora na simu yake mkononi atakuambia habari nyingine.

Pia kuna umbali. Kila kilomita 1,000 za fiba ni takriban ms 5 kwenda peke yake, na nyaya hazinyooki. ITU kwenye G.114 inataka ucheleweshaji wa njia moja ubaki chini ya ms 150. Jumlisha bafa ms 60, kodeki ms 20, foleni ya ruta, kisha uamue. Simu ya Kariakoo kwenda Ilala ikizungukia Ulaya na kurudi inalipa nauli mara mbili.

Siipingi klaudi. Nasema pimeni kutoka tawini.

#17 MtaaWaSamora

Sawa Mzee, nimekuelewa. Na tawi lenye fiba ya Mbps 10 na bado sauti inakwaruza? Simu ziko 20 tu.

#18 nyaya_na_paketi

Simu 20 za G.711 kwa kbps 87.2 kila moja ni Mbps 1.74. Uwezo upo, tatizo ni foleni. Kamera za ulinzi zikianza kupakia video, zinajaza foleni ya kifaa cha mtoa huduma na paketi za sauti zinasubiri nyuma yake. Weka kikomo cha kupakia kwenye ruta yako kama 90% ya kasi halisi, ili foleni ijengeke kwako, kisha zipe paketi za sauti zenye DSCP 46 (alama ya kipaumbele) nafasi ya mbele. Kwenye intaneti ya kawaida usitegemee mtoa huduma aiheshimu hiyo 46; inakusaidia ndani ya ukuta wako tu.

Kwenye ripoti utaitambua hivi: ucheleweshaji unapanda kwanza, jita inafuata, upotevu unakuja mwisho. Upotevu ukija peke yake bila ucheleweshaji kupanda, angalia waya, kiunganishi au Wi-Fi.

#19 dada_wa_NOC

Saa, jamani. Seva imewekwa UTC, ruta iko saa za Afrika Mashariki, mhudumu anaandika kwenye daftari "simu zilisumbua saa 4". Saa 4 asubuhi yetu ni 10:00, na kwenye logi ya UTC ni 07:00. Msomaji wa logi anatafuta 04:00, hakuna kitu, anajibu "mfumo ulikuwa sawa". Vifaa vyote kwenye NTP (huduma ya kulinganisha saa), ripoti yote kwa saa 24 za EAT, na fomu ya malalamiko iwe na kisanduku cha asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Na matengenezo yaliyopangwa: kuna wanaotaka yaondolewe, kuna wasiotaka. Andika safu mbili. Ukibishana mwezi mzima hutamaliza.

#20 Mtoto_wa_Temeke

Nimeanza kuweka Zabbix, programu ya kufuatilia mitambo. Naiweka kwenye PBX ile ile ili nisinunue mashine nyingine, si mbaya?

#21 dada_wa_NOC

Mbaya mdogo wangu. PBX ikizima, Zabbix nayo inazima. Grafu inabaki na pengo, na ripoti nyingi zinaruka pengo na kugawa kwa muda uliopimwa tu, unapata 100% kwenye siku mbaya kuliko zote. Weka mashine tofauti, na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) moja kila tawi ya kupiga simu za majaribio. Pengo lolote la data lihesabiwe "chini" mpaka mtu aeleze.

Taarifa za dharura zisitegemee barua pepe, maana inapita kwenye intaneti hiyo hiyo iliyokatika. Modemu ya USB yenye laini ya mtandao mwingine, itume SMS. Na kabla ya kuituma ripoti kwa watu, fupisha namba za wateja zibaki tarakimu tatu za mwisho. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

#22 Mtoto_wa_Temeke

Laini ya SMS nayo iwe kwenye simu za majaribio? Isije ikakauka salio.

#23 PoE_Kariakoo

Ndiyo. SMS moja kila asubuhi saa 2, "nipo". Isipofika, anza na salio.